Wengi Wakisema kwa Pamoja Hakuna Asikiaye: Nidhamu ya Intaneti Nyumbani

Jioni moja ya Jumapili, miaka michache iliyopita, askari mmoja aliyekuwa kazini nchini Somalia alipiga simu ya picha nyumbani kwake Wandegeya, mjini Kampala. Alikuwa na dakika chache tu kabla ya kushika zamu ya lindo. Mkewe aliipokea simu. Picha ikaonekana, kisha ikaganda. Sauti ikawa inakuja vipande vipande. Katika yote aliyoambiwa, bwana yule aliyasikia maneno mawili tu: “mtoto” na “Mulago”. Baada ya hapo pakawa kimya. Alipiga tena mara tatu asifanikiwe, muda wake ukaisha, akaenda lindoni na maneno hayo mawili kifuani.

Mtoto hakuwa mahututi. Alikuwa ameanguka akicheza mpira, akateguka mkono, akapelekwa Hospitali ya Mulago, ambayo kutoka Wandegeya ni mwendo wa miguu. Alifungwa bandeji akarudishwa nyumbani kabla ya saa kumi. Wakati baba akilitazama giza la Mogadishu na kuwaza mazishi, mtoto yule alikuwa sebuleni kwao akitazama katuni katika televisheni. Na katuni hizo, pamoja na vifaa vingine vilivyokuwa vikifanya kazi kimya kimya katika nyumba ile, ndizo zilizoikata simu ya baba yake.

Mwandishi wa makala haya ni rafiki wa nyumba hiyo, na siku ya pili alikwenda kuwajulia hali. “Shemeji,” mama wa nyumba alisema kwa uchungu, “hawa watu wa intaneti wanatuibia. Mwezi huu nimelipia kifurushi kikubwa zaidi, na bado mume wangu anapiga simu simsikii. Niwape nini tena?”

Swali lake ni swali la familia nyingi za askari na polisi wetu. Jibu lake, kwa bahati njema, halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kitu ambacho kila askari alifundishwa tangu wiki ya kwanza ya mafunzo yake, nacho ni nidhamu.

NJIA YA MBALI

Yafaa kwanza tujue intaneti hufikaje Wandegeya, ili tusimlaumu asiyehusika. Kabla ya mwaka 2009 nchi yetu, isiyo na pwani, ilitegemea zaidi mitambo ya setilaiti. Setilaiti hizo hukaa angani umbali upatao kilomita 36,000. Swali likipanda huko na kushuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia ile ile, karibu nusu sekunde nzima hupotea safarini. Aliyepata kusoma Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ile anakumbuka vibanda vya intaneti vya Wandegeya, ambamo mtu alilipia dakika na kuzimaliza akingojea ukurasa mmoja ufunguke.

Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari ya Hindi, ulianza kazi ukipitia Mombasa. Mwaka huo huo ukafika waya wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukaanza waya wa EASSy. Kutoka Mombasa, nyaya za kioo zilivuka nchi ya Kenya hadi mpakani kwetu, zikipita njia ambayo bidhaa na reli zilikwisha ipita zamani. Reli yenyewe iliingia Kampala mwaka 1931. Novemba 2013 kampuni ya Google ilitangaza mradi wa kutandaza nyaya za namna hiyo ndani ya mji wa Kampala, ili kampuni nyingine zipate kuzikodi na kuwauzia wananchi huduma.

Njia hiyo ndefu ina ajali zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika ya Kusini, na nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zikaonja shida siku hiyo hiyo. Jambo la namna hiyo likitokea, hakuna afanyalo mwananchi nyumbani kwake ila kusubiri mafundi. Lakini siku kama hizo ni chache. Katika siku nyingi za mwaka, data huvuka bahari na nchi mbili salama salimini, ikaja ikakwama katika hatua kumi za mwisho: kati ya ruta iliyo sebuleni na simu iliyo chumbani.

Kuna njia rahisi ya kumjua mkosaji. Kaa karibu na ruta, hatua mbili hivi, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, kisha pima mwendo kwa programu yoyote ya kupimia. Halafu nenda chumbani ukapime tena. Ikiwa karibu na ruta mwendo ni mbaya kuliko ule ulioulipia, na ukawa hivyo asubuhi na usiku, hapo unayo haki ya kwenda kwa kampuni na kudai. Ikiwa karibu ni mzuri na chumbani ni mbaya, basi mkosaji yumo ndani ya nyumba yako. Nyumbani kwa shemeji tulipata megabiti 9 kwa sekunde karibu na ruta, katika 10 alizokuwa akilipia. Chumbani tulipata 2. Kampuni iliyolaumiwa ilikuwa haina kosa.

HESABU KWANZA

Ofisa wa ugavi hagawi chakula kabla ya kuhesabu vichwa. Vivyo hivyo mwenye nyumba hana budi kuhesabu vifaa vyake na kujua kila kimoja hula kiasi gani. Simu ya sauti kupitia intaneti hula kidogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya megabiti kwa sekunde. Simu ya picha hula megabiti 1 hadi 3. Filamu yenye picha safi katika televisheni hula kama megabiti 5, na zile za televisheni kubwa za kisasa zaweza kufika 15 au kupita hapo.

Sasa chukua ile njia ya megabiti 10. Televisheni moja sebuleni imechukua 5. Kijana anayesoma chuoni yuko katika darasa la picha, amechukua 2. Binti anatazama video za nyimbo, amechukua 2. Imebaki 1, na simu tatu zilizolala mezani zinajisasishia programu zake bila kumwuliza mtu. Baba apigapo kutoka Mogadishu, hakuna alichobakiziwa.

Hapa pana kosa moja lililoenea. Kampuni huuza mwendo kwa biti, na huuza kifurushi kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Ndiyo maana faili la gigabaiti 1, katika njia ya megabiti 10, halishuki kwa sekunde mia, bali huchukua zaidi ya dakika 13. Na filamu ile ya megabiti 5 kwa sekunde, ikitazamwa saa moja, humeza zaidi ya gigabaiti 2. Mama wa nyumba yule alinunua kifurushi kikubwa, yaani aliongeza maji katika pipa. Lakini bomba lilibaki lile lile jembamba. Kifurushi ni wingi. Mwendo ni upana wa bomba. Atakaye simu isikike atafute mwendo, na kwanza auhifadhi ule alionao.

MAWIMBI NI KAMA RADIO YA KIKOSI

Tulikwenda katika nyumba ile na koplo mmoja wa kikosi cha mawasiliano. Aliifungua ruta kwa simu yake akaorodhesha vifaa vilivyounganishwa. Nyumba ilikuwa na vifaa saba. Orodha ilionyesha kumi na vinne. Mtoto mmoja alikuwa amempa jirani neno la siri, jirani akampa mpangaji wake, mpangaji akawapa rafiki zake wa chuo. Koplo alicheka, akasema, “Afande, hii siyo nyumba, ni brigedi.”

Kisha alieleza jambo ambalo kila aliyewahi kubeba radio mgongoni atalielewa mara moja. Katika mtandao wa radio wa kikosi, vituo vyote vimo katika mkondo mmoja. Akizungumza mmoja, wengine husikiliza. Wakizungumza wawili kwa wakati mmoja, hasikiki hata mmoja, na kila mmoja hulazimika kurudia. Waifai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, hufuata desturi hiyo hiyo. Kila kifaa husikiliza kwanza kama hewa ni tupu, hungoja kitambo, ndipo hutuma. Mambo haya hufanyika kwa kasi kubwa hata tukadhani vifaa vyote vinasema pamoja, lakini kwa hakika vinapokezana.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kila kifaa kinachoongezwa hupunguza zamu za wengine. Pili, kifaa kilicho mbali, au cha zamani, huzungumza polepole, na kwa hiyo hukalia hewa muda mrefu kwa ujumbe ule ule mmoja. Simu moja kuukuu iliyoko nyuma ya kuta tatu yaweza kuwachelewesha wote walio sebuleni, kama vile askari mmoja mwenye kigugumizi achelewavyo kutoa taarifa huku kamanda na vikosi vingine wakingoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya koplo ilikuwa hii: kila kisichohitaji kuhama, kiondolewe hewani. Televisheni haitembei, wala kompyuta ya mezani haitembei. Viungwe kwa waya hadi kwenye ruta. Waya wa kawaida wa mtandao hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na hakuna nyumba ya askari ninayoijua yenye urefu huo. Waya mmoja ulipovutwa kutoka ruta hadi televisheni, hewa ya nyumba nzima ilipata nafuu siku hiyo hiyo.

MAHALI PA KUWEKA RUTA

Ruta ya nyumba ile ilikuwa sakafuni, nyuma ya televisheni, kando ya ukuta wa mwisho wa nyumba. Nusu ya mawimbi yake ilikuwa ikimhudumia jirani, na nusu nyingine ilizuiwa na televisheni yenyewe. Mwanajeshi hawezi kuweka antena yake bondeni akalaumu radio. Ruta iwekwe juu, kwenye rafu au juu ya kabati la mbao, katikati ya nyumba kadiri iwezekanavyo, na isifichwe kabatini.

Adui wakubwa wa mawimbi haya ni chuma na maji. Bati, mlango wa chuma, jokofu, pipa la maji na ukuta mnene wa matofali au zege vyote huyapunguza nguvu. Katika nyumba zetu ambazo wengine wamegawa vyumba kwa mabati, jambo hili ni kubwa. Tanuri la umeme la mawimbi nalo, likiwa linapasha chakula, huvuruga mkondo mmoja wa waifai, maana hutumia mawimbi ya kipimo kile kile.

Ruta nyingi za siku hizi zina mikondo miwili: ule wa gigahezi 2.4 na ule wa 5. Wa kwanza hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini huwa umejaa. Wa pili una kasi zaidi, lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Kwa hiyo vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta vipewe wa 5, na vilivyo mbali viachiwe ule wa 2.4.

Mwenye nyumba kubwa huambiwa anunue kifaa cha kurudia mawimbi. Husaidia kufika mbali, lakini yafaa ajue gharama yake. Vile vya bei nafuu hupokea na kutuma katika mkondo ule ule mmoja, kwa hiyo kila ujumbe husemwa mara mbili, na mwendo hupungua kiasi cha nusu. Iliyo bora ni kuvuta waya hadi chumba cha mbali na kuweka hapo kituo cha pili cha waifai.

MNANA WA WANDEGEYA

Wenyeji wa Buganda husema jina la Wandegeya limetokana na ndege wanaoitwa endegeya, yaani mnana, ndege wale wadogo wanaofuma viota vyao kwa mamia juu ya mti mmoja. Aliyesimama chini ya mti wa namna hiyo anajua kelele zake. Leo kelele za Wandegeya ni nyingine, wala masikio hayazisikii. Mabweni ya wanafunzi yamepandana ghorofa juu ya ghorofa, maduka na vibanda vimebanana kando ya barabara ya Bombo, na karibu kila chumba kina ruta yake au kisanduku chake cha mfukoni. Ukifungua simu yako hapo, huona majina ya mitandao ishirini au thelathini.

Mkondo wa 2.4 una njia tatu tu zisizoingiliana, nazo ni namba 1, 6 na 11. Majirani wote wakiwa namba 6, basi wote wamo katika mtandao mmoja wa radio bila kujuana, na kila mmoja humngoja mwenzake. Ziko programu za bure za simu zinazoonyesha njia ipi imejaa. Koplo wetu alikuta mitandao kumi na mmoja imebanana katika namba 6 na miwili tu katika namba 11. Aliihamisha ruta kwa dakika moja. Na asiyejua kufanya hivyo asibahatishe namba 3 au 9 akidhani amejitenga. Atakuwa amesimama kati ya makundi mawili na kupigiwa kelele na yote mawili.

GARI LA WAGONJWA LIPITE

Ndugu zetu polisi wa usalama barabarani wanaijua vizuri njia panda ya Wandegeya, ambapo magari ya Bombo na Kawempe hukutana na ya Makerere na ya mjini, na bodaboda huchomoza kutoka kila upande. Likija gari la wagonjwa liendalo Mulago, askari huinua mkono, foleni zote zikasimama, gari likapita. Askari yule hakuipanua barabara hata kwa inchi moja. Amejua tu nani hawezi kungoja.

Katika intaneti pia wako wawezao kungoja na wasioweza. Filamu huweza kungoja, maana televisheni hujiwekea akiba ya dakika kadhaa. Picha zinazotumwa kwenye hifadhi huweza kungoja hadi asubuhi. Sauti ya mtu haiwezi kungoja; ikichelewa nusu sekunde mazungumzo huharibika. Tatizo ni kwamba ruta nyingi hazijui tofauti hiyo. Huwapanga wote katika foleni moja ndefu, na sauti ya mama hukaa nyuma ya picha mia za harusi zinazopakiwa na simu ya binti. Njia ya kupakia huwa nyembamba kuliko ya kupakua katika huduma nyingi za nyumbani, kwa hiyo hujaa upesi, na ndiyo maana mara nyingi aliye mbali hakusikii ilhali wewe unamsikia.

Baadhi ya ruta zina kipengele cha kutoa kipaumbele, nacho huandikwa kwa herufi QoS. Kikiwapo, kiwashwe, na simu za sauti na picha ziwekwe mbele. Kisipokuwapo, nyumba yenyewe iwe askari wa barabarani. Simu zote ziagizwe kusasisha programu na kuhifadhi picha usiku wa manane. Televisheni iagizwe kuonyesha picha ya kiwango cha wastani. Katika kioo kidogo macho hayaoni tofauti. Na saa ya baba kupiga simu ikifika, kila mwenye filamu aisimamishe. Hili halihitaji fundi, linahitaji mzazi.

ULINZI WA LANGO

Neno la siri la waifai ni ufunguo wa lango. Hakuna kamanda agawaye ufunguo wa lango la kambi kwa kila apitaye. Libadilishwe mara moja likijulikana kwa wengi, na ruta iwekwe katika ulinzi wa WPA2 au WPA3. Wageni wapewe mtandao wao wa kando, kama ruta inaruhusu, ili wasivifikie vifaa vya nyumbani.

Liko pia neno la siri la pili, lile la kuingilia ruta yenyewe, ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliziteka kamera na ruta nyingi za nyumbani duniani kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani, ikazitumia kushambulia mitambo mikubwa. Oktoba mwaka huo tovuti mashuhuri za Marekani na Ulaya zilishindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vimeandikishwa katika jeshi la adui. Askari na polisi, ambao nyumba zao zina habari za kazi, wana wajibu zaidi wa kulibadilisha neno hilo.

La mwisho ni umeme. Ruta hutumia umeme mdogo sana, na betri ndogo maalumu huweza kuiendesha saa kadhaa umeme ukatikapo, mradi volti zake zilingane na zile zilizoandikwa chini ya ruta.

JUMAPILI ILIYOFUATA

Kazi yote nyumbani kwa shemeji ilichukua mchana mmoja. Ruta ilipanda juu ya kabati katikati ya nyumba. Waya ulivutwa hadi kwenye televisheni. Njia ya mawimbi ilihamishwa. Neno la siri lilibadilishwa, na watoto wakaapishwa. Kifurushi kikubwa kilirudishwa kuwa kile cha zamani. Jirani alikuja kulalamika kwamba intaneti “imeharibika”. Mama alimkaribisha chai, akamweleza.

Jumapili iliyofuata, saa moja jioni, mtoto aliyeteguka mkono mwenyewe aliizima televisheni. Simu ilipoita, alikaa mbele ya kioo akauinua mkono wake wenye bandeji. Baba yake aliutazama kwa muda, akamwambia, “Kunja vidole.” Mtoto akavikunja. “Kunjua.” Akavikunjua. Walizungumza dakika kumi na mbili, na hakuna neno lililopotea.

Tangu Machi 2007, kikosi chetu cha kwanza kilipotua Mogadishu, familia nyingi zimeishi kwa kungoja sauti kutoka mbali. Askari hawezi kuchagua dakika atakayopewa kupiga simu. Sisi tulio nyumbani tunaweza kuchagua kumwachia njia. Leo jioni, ndugu msomaji, kabla hujakwenda kununua kifurushi kingine, hesabu vifaa vyako, itazame ruta yako imekaa wapi, na ujiulize nani katika nyumba yako anaweza kungoja, na nani hawezi.